Demosthenes, Mpima Maneno wa Athene

1. Mji Uliotawaliwa kwa Maneno

Zamani sana, katika nchi ya Uyunani, ambayo siku hizi huitwa Ugiriki, palikuwa na mji mashuhuri jina lake Athene. Miji na nchi nyingi za siku zile zilikuwa na wafalme; mfalme akiamuru, watu hutii. Lakini Athene haikuwa na mfalme. Mambo yote makubwa, vita na amani, kodi na sheria, yalikatwa na raia wenyewe. Walikusanyika juu ya kilima kiitwacho Pnyx, yapata mara 40 kwa mwaka, na kwa mashauri mengine ilikuwa lazima wahudhurie watu 6,000. Mpiga mbiu aliuliza ni nani atakaye kusema, na raia ye yote, tajiri au maskini, aliweza kupanda jukwaani. Wasemaji walipokwisha kusema, watu waliinua mikono, na upande uliokuwa na mikono mingi ndio ulioshinda. Wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na ruhusa ya kusema wala kuinua mkono, ingawa yaliyokatwa pale yaliwapata wao pia.

Katika mji wa namna hii maneno yalikuwa na nguvu kama upanga. Mtu mwenye ulimi mwepesi aliweza kuwapeleka vijana maelfu vitani kwa asubuhi moja, au kuwafanya watu walale usingizi wakati adui yu mlangoni. Kwa hiyo vijana wengi wenye mali walilipa fedha wafundishwe kusema vizuri. Lakini kusikia kwa akili ni elimu pia, nayo ilihitajiwa na kila raia aliyeinua mkono wake. Wahenga wamesema kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Lakini afadhali watu wajue kwanza kama yule anayetolewa ni nyoka au la.

Demosthenes alikuwa mwenye elimu hizo mbili pamoja. Alikuwa mnenaji mkuu kuliko wote wa Athene, naye alianza kwa kuyapima maneno ya watu wengine.

2. Yatima na Hesabu Zake

Demosthenes alizaliwa mwaka 384 kabla ya Kristo. Miaka ya kabla ya Kristo huhesabiwa kwa kupungua, hata mwaka 384 umetangulia mwaka 322, ambao ndio mwaka wa kufa kwake. Baba yake, ambaye naye aliitwa Demosthenes, alikuwa mtu wa mali. Alikuwa na viwanda viwili: katika kimoja watumwa zaidi ya 30 walifua panga na visu, na katika cha pili watumwa 20 walitengeneza vitanda. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka saba baba yake akafa, akamwacha yeye, na mama yake, na dada yake mdogo. Kabla ya kufa aliiweka mali yake mikononi mwa watu watatu, wawili wao jamaa zake, waitunze mpaka kijana atakapokuwa mtu mzima.

Mali ile ilikuwa karibu ya talanta 14. Talanta moja ilikuwa drakma 6,000, na fundi hodari alipokea drakma moja au mbili kwa kazi ya siku nzima. Hata kijana alipotimia umri wake wa sheria, wale walezi wakamkabidhi nyumba, watumwa 14 na fedha kidogo. Vyote pamoja havikupita talanta moja ila kwa kiasi kidogo. Mali nyingine yote ilikuwa imekwisha liwa.

Demosthenes alikuwa kijana dhaifu wa mwili, wala hakuwa na baba wa kumtetea. Akajifunza kwa Isaeus, mwalimu aliyejua sana mashauri ya urithi, na alipokuwa na umri wa miaka ipatayo 20 akamshitaki Aphobus, mmoja wa walezi wake. Katika mabaraza ya Athene mwenye shauri hakuwa na budi kujisemea mwenyewe. Kijana akasimama mbele ya waamuzi wengi. Aliwaomba wamhurumie, kama yatima wote wafanyavyo, lakini nguvu ya maneno yake haikuwa katika kuomba. Nguvu yake ilikuwa katika hesabu. Alieleza kiwanda cha panga kilileta faida gani kila mwaka, na kiwanda cha vitanda faida gani. Akataja pembe za ndovu, na chuma, na mbao zilizokuwa ghalani. Akataja fedha zilizokopeshwa, na waliokopeshwa. Kwa kila jambo akaleta mashahidi. Kisha akauliza hati ya wosia wa baba yake imefichwa wapi, na kwa nini mtu asiye na hatia afiche hati.

Waamuzi wakamhukumu Aphobus alipe talanta 10. Lakini Aphobus alikuwa mjanja na mwenye jamaa wengi, akazuia kwa hila hii na hila ile, wala Demosthenes hakupata tena mali yote ya baba yake. Lakini alipata kitu ambacho hakuna mlezi awezaye kukila. Alijua tangu ujana wake kwamba usemi mzuri usiokuwa na hesabu wala shahidi ni kama mfuko mtupu: ukifungwa vizuri waonekana umejaa, lakini ukifunguliwa hamna kitu.

3. Chumba cha Chini ya Ardhi

Mara ya kwanza Demosthenes alipopanda jukwaani mbele ya mkutano wa raia, alichekwa. Sauti yake ilikuwa ndogo, pumzi zake fupi, ulimi wake mzito, na maneno yake yalikuwa marefu yaliyosokotana, hata watu wasijue mwanzo wala mwisho. Akarudi nyumbani amejifunika uso kwa aibu.

Yasimuliwa ya kuwa mchezaji mmoja wa michezo ya kuigiza, jina lake Satyrus, alimfuata nyumbani. Akamtaka aseme kwa moyo maneno ya mtunga michezo mmoja mashuhuri. Demosthenes akasema. Ndipo Satyrus akayarudia maneno yale yale kwa sauti na uso uliopatana nayo, hata yakawa kama maneno mengine kabisa. Hapo Demosthenes akaona jinsi sauti iwezavyo kuyabadili maneno mbele ya masikio ya watu. Yalikuwa mafundisho ya namna mbili: msemaji ajifunze kuitumia sauti, na msikilizaji ajihadhari nayo.

Basi akajitengenezea chumba chini ya ardhi, akawa akishinda humo miezi miwili au mitatu. Yasemwa kwamba alinyoa nywele za upande mmoja wa kichwa chake, ili aone haya kutoka nje asiache kazi yake. Alitia vijiwe kinywani apate kuulainisha ulimi, alisema huku akipanda vilima ili kuzidisha pumzi, na alipaza sauti ufukoni kushindana na kishindo cha mawimbi. Habari hizi zajulikana sana, na watoto wa nchi nyingi wamezisikia.

Lakini ilikuwako kazi nyingine aliyoifanya chumbani mle, ambayo haikutajwa sana, nayo ilikuwa kubwa kuliko vijiwe. Kila aliposikia hotuba ya mtu mwingine, alirudi chumbani akaikumbuka, akaivua mapambo yake, akatazama imebaki nini. Alitafuta ni mambo gani msemaji aliyataka, na sababu gani alizitoa, na kama sababu zile zaweza kusimama. Kisha akaitunga upya kwa maneno mengine, akiona penye udhaifu na penye nguvu. Alifanya hivyo hata kwa mazungumzo ya kawaida, na kwa maneno yake mwenyewe. Wenzake walimdhihaki kwamba hotuba zake zilinuka mafuta ya taa, kwa kuwa alikesha usiku akizifanyiza. Lakini mtu aliyefungua na kufunga hotuba nyingi namna ile si rahisi kudanganywa na hotuba.

4. Mfalme wa Kaskazini

Kaskazini ya Uyunani ilikuwapo nchi ya Makedonia. Tangu mwaka 359 ilitawaliwa na Philip, mtu shujaa, mwerevu, na mwenye subira. Yeye ndiye baba yake Alexander Mkuu, naye ndiye aliyeupa mji wa Filipi jina lake. Philip alikuwa na jeshi lililofundishwa vizuri, na machimbo ya dhahabu. Alipotaka mji, aliweza kuupiga vita, au kuununua kwa zawadi, au kuubembeleza kwa ahadi. Mji baada ya mji ukaanguka mkononi mwake.

Watu wa Athene waliona, walakini hawakutenda. Wasemaji wengi waliwaambia yale waliyopenda kuyasikia: kwamba Philip yuko mbali, kwamba ni mgonjwa, kwamba mambo yatatengenea yenyewe. Mwaka 351 Demosthenes akapanda jukwaani akasema namna nyingine. Hakuwasifu. Aliwaonyesha kwamba Philip hakuwa mkubwa kwa nguvu zake tu, bali kwa uvivu wao. Na kama huyu Philip angekufa, wao kwa uvivu ule ule wangejifanyizia Philip mwingine. Aliwafananisha na mtu asiyejua kupigana ngumi: akipigwa huku hupeleka mkono huku, akipigwa kule hupeleka mkono kule, wala hatazami uso wa adui wala hajikingi mapema. Kisha hakuishia katika kulaumu, bali alitaja idadi ya merikebu, na askari, na gharama yao, na mahali fedha itakapotoka.

Tena aligusa jambo ambalo wengine waliogopa kuligusa. Ilikuwapo akiba ya fedha ya sikukuu, ambayo raia waligawiwa wapate kuhudhuria michezo. Watu waliipenda sana fedha hiyo, na sheria iliilinda. Mwaka 349, Philip alipouhusuru mji wa Olynthus, Demosthenes alisema mara tatu kwamba mji ule usaidiwe upesi, na kwamba fedha ile ingefaa kwa vita. Msemaji anayetafuta kupendwa tu hasemi maneno kama hayo. Watu wakakawia, wakapeleka msaada kidogo kidogo. Mwaka 348 Olynthus ukaanguka. Philip akaubomoa, na watu wake wakauzwa utumwani.

5. Maswali Matano

Mwaka 346 Waathene walichoka na vita, wakapeleka wajumbe kumi kwa Philip kutafuta amani. Demosthenes alikuwa mmoja wao, naye alikubali kwamba amani ilihitajiwa. Mjumbe mwingine alikuwa Aeschines. Huyu alikuwa zamani mchezaji wa michezo ya kuigiza. Alikuwa na umbo zuri na sauti kubwa ya kupendeza ambayo Demosthenes hakuipata kamwe hata kwa vijiwe vyake. Imesimuliwa kwamba Demosthenes aliposimama mbele ya Philip, maneno yalimpotea akanyamaza. Lakini aliyeyasimulia hayo ni Aeschines, adui yake. Kwa hiyo habari yenyewe yataka kupimwa.

Wajumbe walipotoka safari ya pili, Aeschines aliueleza mkutano mambo ya furaha. Aliwapa watu tumaini kwamba Philip angewafaa Waathene, na kwamba rafiki zao wa nchi ya Phocis wasingeharibiwa. Demosthenes akataka kupinga, lakini watu walimpigia kelele na kumcheka, kwa kuwa habari njema ni tamu. Baada ya siku chache Philip akapita katika mlango wa milima wa Thermopylae, na miji ya Phocis ikavunjwa, watu wake wakatawanywa vijijini.

Mwaka 343 Demosthenes akamshitaki Aeschines barazani kwamba aliudanganya mji. Katika hotuba yake hakuanza na matusi. Kwanza aliwapa waamuzi kipimo. Aliwaeleza kwamba mjumbe apimwe kwa mambo matano. La kwanza, habari alizoleta zilikuwa za kweli au za uongo? La pili, shauri alilotoa lilikuwa la kufaa au la kudhuru? La tatu, aliyafuata maagizo aliyopewa? La nne, aliutumia wakati vizuri, au aliupoteza hata nafasi ikapita? La tano, aliyatenda hayo kwa moyo safi, au kwa kupokea rushwa?

Kipimo hiki kilikuwa cha kumpima mjumbe, lakini chafaa pia kwa kila mtu asimamaye mbele ya watu na kuwataka wamfuate. Sauti haimo katika mambo yale matano, wala umbo, wala mavazi, wala jamaa ya mtu. Demosthenes mwenyewe hakukifuata kipimo chake mpaka mwisho, maana baadaye katika hotuba ile alimdharau Aeschines kwa kazi yake ya zamani na kwa wazazi wake, mambo ambayo hayakuonyesha kama alisema kweli au uongo. Waamuzi wakapiga kura. Aeschines akaokoka kwa kura chache tu. Yasemwa zilikuwa 30.

6. Asubuhi ya Hofu

Jioni moja ya mwaka 339, mjumbe aliingia Athene mbio. Alileta habari kwamba Philip ameutwaa mji wa Elateia, ulio katika njia ya kuja kusini. Wakuu wa zamu waliacha chakula chao cha jioni. Watu wakafukuzwa vibandani sokoni, na tarumbeta ikalia. Mji mzima ukajaa fadhaa. Kulipopambazuka raia walikuwa wamekwisha jaa juu ya kilima. Mpiga mbiu akauliza ni nani atakaye kusema. Pakawa kimya. Akauliza tena na tena. Majemadari wote walikuwapo, na wasemaji wote walikuwapo, wala hakuondoka mtu.

Ndipo Demosthenes akapanda. Hakuwaongezea hofu, wala hakuwatuliza kwa ahadi tupu. Alifanya kama alivyozoea kufanya chumbani mwake: alilishika jambo lenyewe akaliuliza maana yake. Watu walidhani kwamba mji wa Thebes, jirani yao na adui yao wa zamani, umekwisha jiunga na Philip. Demosthenes akawaonyesha kwamba kama ingekuwa hivyo, Philip asingekaa Elateia, bali angekuwa mpakani mwao. Alikaa Elateia kwa sababu Thebes ilikuwa imegawanyika, naye alitaka kuwatia moyo rafiki zake na kuwatisha waliompinga. Kwa hiyo nafasi ilikuwa bado ipo. Akatoa shauri jeshi litoke mpaka Eleusis, na wajumbe kumi waende Thebes, si kuomba kitu, bali kutoa msaada bila masharti. Watu wakakubali, naye mwenyewe akawa mmoja wa wajumbe. Thebes na Athene, zilizochukiana muda mrefu, zikasimama pamoja.

Lakini shauri lenye akili si ahadi ya ushindi. Mwaka 338, penye mji wa Chaeronea, Philip aliyashinda majeshi yote mawili. Waathene 1,000 waliuawa na 2,000 wakatekwa. Demosthenes alikuwa askari wa miguu katika vita ile, akakimbia pamoja na wengine, na adui zake hawakuacha kumkumbusha jambo hilo. Lakini mji ulipotaka mtu wa kutoa hotuba ya kuwaombolezea waliokufa, ulimchagua yeye.

7. Taji ya Dhahabu

Mwaka 336 mtu mmoja, jina lake Ctesiphon, alitoa shauri kwamba Demosthenes apewe taji ya dhahabu mbele ya watu wote, kwa kuwa daima alisema na kutenda yaliyoufaa mji. Aeschines akamshitaki Ctesiphon kwamba shauri lake lavunja sheria. Shauri likakawia mpaka mwaka 330. Wakati ule Philip alikuwa amekwisha uawa, na Alexander mwanawe alikuwa mbali Asia na majeshi yake. Watu walikuja kutoka miji mingi ya Uyunani kusikiliza, kwa maana wanenaji wawili wakuu walikuwa watapambana.

Desturi za baraza lile zilitungwa kwa busara. Waamuzi, ambao hawakupungua 500, walikuwa wameapa kusikiliza pande zote mbili sawasawa. Muda wa kusema ulipimwa kwa chombo cha maji chenye tundu. Maji yakiisha, msemaji hunyamaza, awe mkubwa au mdogo. Kila mwamuzi alipewa visahani viwili vya shaba, kimoja chenye kijiti cha katikati kilichotobolewa, kwa ajili ya mshitaki, na kimoja kisichotobolewa, kwa ajili ya mshitakiwa. Aliviziba kwa vidole, akakitia kimoja katika chombo cha kura, wala jirani yake hakujua ni kipi.

Aeschines akasema kwanza. Alionyesha kwamba sheria ilikataza kumpa taji mtu mwenye kazi ya serikali kabla hesabu zake hazijakaguliwa, na kwamba sheria ilikataza taji kutangazwa katika uwanja wa michezo. Katika neno la sheria alikuwa na nguvu. Kisha akasema kwamba Demosthenes ndiye aliyeupeleka mji katika maangamizi ya Chaeronea. Tena akawataka waamuzi wamlazimishe Demosthenes ajibu kwa utaratibu ule ule, sheria kwanza.

Demosthenes aliona hatari iko wapi. Akawaomba waamuzi wakumbuke kiapo chao, wamwache apange maneno yake apendavyo. Akaliweka jambo la sheria katikati ya hotuba, kama mtu afichaye ukuta wenye ufa kwa kuweka kuta madhubuti mbele na nyuma. Nguvu yake yote akaitia katika swali lingine: mshauri apimwe kwa kitu gani? Akaeleza kwamba mwisho wa mambo haumo mikononi mwa mwanadamu. Mshauri apimwe kwa yale yaliyoweza kujulikana siku ya shauri, na kwa nia aliyokuwa nayo. Tena akauliza siku ile ya Elateia, mpiga mbiu alipouliza mara nyingi, Aeschines alikuwa wapi, na alitoa shauri gani lililo bora. Mtu anyamazaye wakati wa hatari, akalaumu baada ya hasara, alifanana naye na mganga asiyetoa dawa wakati wa ugonjwa, halafu aja mazishini na kueleza dawa ambayo ingemponya marehemu.

Maneno hayo yalikuwa na uzito. Lakini ndani yake yalichanganyika matusi mengi juu ya mama yake Aeschines na umaskini wa utoto wake, nayo hayakuwa ushahidi wa jambo lo lote. Waamuzi wakapiga kura. Aeschines hakupata hata sehemu moja katika tano ya kura zote. Sheria ilimtoza mshitaki wa namna hiyo drakma 1,000. Naye akaondoka Athene. Baadaye alifundisha kusema katika kisiwa cha Rhodes. Yasimuliwa kwamba aliwasomea watu wa huko hotuba yake mwenyewe, wakastaajabu jinsi alivyoshindwa. Kisha akawasomea hotuba ya Demosthenes, wasistaajabu tena.

8. Mpimaji Apimwa

Mwaka 324 Harpalus, mtunza hazina wa Alexander, alikimbilia Athene na mali nyingi. Mali ile ikawekwa ngomeni, yasemwa talanta 700. Ilipohesabiwa baadaye karibu nusu haikuonekana. Demosthenes mwenyewe alitaka ukaguzi ufanywe. Ukafanywa, na jina lake likatokea katika orodha ya waliopokea: talanta 20. Akahukumiwa kulipa 50, asiweze, akafungwa, akatoroka. Hivyo swali la tano, alilolitumia juu ya Aeschines, likarudi mlangoni pake. Watu wengine waliamini kwamba adui zake walimzulia; wengine waliamini kwamba mkono wake ulishika dhahabu kweli. Jambo hilo wenye elimu wamebishana juu yake mpaka siku hizi.

Alexander alipokufa mwaka 323, Athene ikainuka kutafuta uhuru wake, na Demosthenes akarudishwa kwa heshima kubwa. Lakini mwaka 322 Wamakedonia wakashinda, na mkutano ule ule wa raia aliousemesha miaka mingi ukamhukumu kufa. Akakimbilia kisiwa cha Calauria, akaingia hekalu la Poseidon. Askari walipomfikia, aliomba nafasi aandike barua. Akauma kalamu yake, kama alivyozoea alipokuwa akifikiri. Nayo, kama yasimuliwavyo, ilikuwa na sumu. Akafa hapo, mwenye umri wa miaka 62.

Yapata miaka 42 baadaye Waathene walimsimamishia sanamu ya shaba. Lakini ukumbusho wake mkubwa ni hotuba zake, zilizohifadhiwa mpaka leo. Hotuba za Aeschines zimehifadhiwa pia, wala si jambo dogo, maana msomaji aweza kuweka hotuba mbili za taji upande kwa upande, asikie pande zote mbili kama waamuzi walivyoapa. Atakuta kwa Aeschines maneno ya haki ambayo sauti ya Demosthenes iliyafunika. Atakuta kwa Demosthenes akili kubwa na moyo wa kuwaambia watu wasiyoyapenda, na karibu nayo matusi yasiyofaa. Aliyejifunza kuvitenga vitu hivyo ameifanya kazi ile ile iliyofanywa zamani katika chumba cha chini ya ardhi, penye mwanga wa taa, na kijana yatima aliyetaka kujua mfuko una nini kabla ya kuusifu.